Matanga ya Ubao

Jumatatu, 20 Juni 1983

Isaiah amerudi kutoka stesheni ya polisi saa sita, ameloa chapachapa. Tangu wamwachilie mwezi wa Machi, kila Jumatatu lazima ndugu yangu akaonyeshe uso pale kaunta, aseme amelala wapi na ameongea na nani. Mtu mwenyewe alikuwa mpishi wa mesi katika jeshi la anga. Silaha aliyoijua ni kisu cha vitunguu. Lakini Agosti ile ya mwaka jana, baada ya jaribio la kupindua serikali, waliwazoa wote, wapishi na marubani, na miezi saba baadaye nikarudishiwa kijana asiye na meno mawili ya mbele, anayebisha hodi hata akitoka chooni. Nilimbeba mgongoni huyu, mama akienda kulima. Wakimchukua mara ya pili hatarudi. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu ni Hulda.

Mama Nduta wa duka la jirani ameniuliza tena kama Isaiah analala ndani kwetu au kile chumba cha nje. Muuza viazi anataka kujua watu wanalala wapi kwa sababu gani?

Jumatano, 22 Juni

Mvua. Wageni wawili tu kwenye lojing yetu, wauza mbegu wa Moi's Bridge. Mmoja anakoroma mpaka vifuniko vya sufuria vinacheza.

Ijumaa, 24 Juni

Leo tumejiaibisha, na nitaandika yote.

Saa kumi hivi landrova ya kijani iliingia uwanjani kwetu ikivutwa na trekta. Juu ya paa kulikuwa na kitu kirefu kuliko mtu, kimezungushiwa turubai na kukazwa kamba kutoka kichwani mpaka miguuni, na nyuma kimefungwa kitambaa chekundu. Nani nchi hii hajui hiyo ni nini? Sisi watu wa ziwa tukifia mbali tunarudishwa nyumbani juu ya paa hivyo hivyo. Wanaume barabarani walikuwa wameshavua kofia. Mama Benta, mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, alikuwa anachambua mboga. Hakuuliza kitu. Alitupa karai, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Na mimi nikajiunga. Ndiyo, mimi huyu. Kwetu hungoji kuambiwa jina la marehemu. Unalia kwanza, jina litakuja.

Kabla ya giza uwanja ulikuwa umejaa. Walileta kuni, sukari, majani ya chai. Jemutai alikuja na vibuyu viwili vya maziwa kutoka Moiben, alikuwa amevileta mjini kuuza. Hata Mama Nduta alituma gunia la viazi, kisha akaja mwenyewe akaketi, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Na huyo Mzungu aliyetoka garini, nywele kama ndevu za mahindi, pua imebabuka jua, alipoona wanawake wote hao wanalia, alitabasamu. Akaweka mkono kifuani akatushukuru. Nikasema moyoni, huyu ana laana.

Isaiah ndiye aliyemwuliza kwa Kiingereza maiti ni ya nani, baba au ndugu. Mzungu akashangaa. Akasema ni ubao wake. Ubao wa kusimama juu ya mawimbi. Ametoka nao kijiji fulani cha pwani ambako vijana wa Kizungu hukaa miezi wakipanda mawimbi kama sisi tunavyopanda baiskeli, na alikuwa anaupeleka Ziwa Turkana kwa sababu amesikia upepo wa kule haulali. Kitambaa chekundu aliambiwa na askari wa barabarani akifunge, maana mzigo umetokeza nyuma ya gari. Gia boksi imekufa karibu na Plateau. Spea itatoka Nairobi.

Watu wakatazamana. Jemutai akasema polepole kwamba hajawahi kuona ubao unaovishwa vizuri namna ile. Wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyechukua kuni zake. Ukweli ni kwamba hawakuamini. Mimi pia siamini. Mtu mwenye akili timamu abebe ubao wa baharini mpaka Eldoret kufanya nini?

Jumamosi, 25 Juni

Anaitwa Kolini, mtu wa Australia. Amelipia chumba cha tatu. Mama Benta amelala akilia kwa ndani, anasema maiti haiwezi kuachwa kwenye mvua bila mtu wa kuikesha.

Jumatatu, 27 Juni

Pale stesheni wamemwuliza Isaiah nani amefariki kwao. Amesema hakuna. Wakamwuliza, basi kwa nini kwa dada yako kuna matanga?

Siku tatu tu. Nani aliwaambia? Nimepiga hesabu ya wote waliokuwepo na kila mara nafika kwa Mama Nduta. Mikono imekunjwa, macho yanazunguka, hakulia hata chozi.

Jumapili, 3 Julai

Baada ya kanisa mwanamume nisiyemjua alinishika mkono akaukaza. Akasema, pole mama, tunajua, hatutasema. Nikamwuliza mnajua nini. Akaangalia nyuma yake kwanza. Ati ndani ya lile turubai kuna askari wetu aliyeuawa Agosti, alikuwa amefichwa mahali, na Mzungu amelipwa amfikishe nyumbani kimyakimya. Na ati anapumzishwa kwangu kwa vile ndugu yangu alikuwa mwenzake.

Hiyo hadithi ikifika kwa wenye nchi, Isaiah amekwisha.

Nilimwambia Jacktone jioni. Mume wangu ni fundi kiwanda cha nguo, mtu wa kupima maneno. Aliendelea kula. Halafu akasema shemeji yake angeenda tu nyumbani akae na mama. Nikamwambia hawezi kutoka Eldoret bila ruhusa, na wewe unajua. Akasema ndiyo, anajua.

Jumatano, 6 Julai

Spea haijafika. Nimemwambia Kolini afungue turubai watu waone. Amekataa, anasema gundi ya kiraka chake haijakauka bado, ataufungua siku ya maji. Siku ya maji. Mtu anayejibu hivyo anaficha kitu.

Jumapili, 10 Julai

Kolini alitaka kuona bonde la Kerio, Isaiah akampeleka bila ruhusa ya mtu, ati Jumatatu atakuwa amesharudi. Walidandia lori mpaka kwenye ukingo, kule ardhi inapokatika na Kerio inaonekana chini kabisa kama nchi ya watu wengine. Walishuka kwa miguu, wakapita kwenye maporomoko, wakaoga chini yake, wakalala kwa mzee mmoja wa mizinga ya nyuki. Wamerudi leo wamechanwa na miiba, wananuka moshi na asali. Isaiah alikuwa anaongea. Miezi minne sijamsikia akisema maneno kumi pamoja, na leo amesimama mlangoni ananieleza juu ya tai walioruka chini ya miguu yao, ati ukiwa juu pale unaona mgongo wa ndege. Amecheka, pengo lote nje.

Nilifurahi, sitasema uongo. Lakini yule Mzungu ana darubini shingoni. Anatazama bonde la watu kwa darubini na anauliza kila kijiji kinaitwaje. Mwaka huu, wakati huu, na mtu kama Isaiah kando yake. Hata kama si jasusi, anafanana na jasusi, na hapa kwetu kufanana kunatosha.

Na amemwambia Isaiah kule kijijini pwani kuna rafiki yake mwenye nyumba ya wageni anayetafuta mpishi. Nilisema hayo maneno yasirudiwe mezani kwangu.

Jumatano, 13 Julai

Niliamka alfajiri kuwasha jiko nikaona kupitia dirishani watu wawili wanatoka langoni, mmoja mbele mmoja nyuma, wamebeba kile kitu begani. Kimevikwa turubai lake. Wanatembea kwa hatua moja kama watu wa jeneza. Barabarani mama wawili wa maziwa waliteremka kwenye baiskeli wakasimama, wakapiga ishara ya msalaba. Nikajua mpaka saa nne mji wote utasema wameenda kumzika kichakani.

Nikatupa leso mabegani nikawafuata. Walipita nyuma ya mashamba, wakaingia kwenye msitu wa miwati, mpaka pale Sosiani inapopinda. Mto umejaa, maji mekundu kama chai ya matanga, yanabeba magogo. Chini ya lile jabali kuna mahali maji yanajikunja na kuinuka, na hayaendi popote. Ni wimbi moja limesimama mahali pake, linachemka tu. Wakafungua turubai. Kwa hiyo nimeuona kwa macho yangu: ubao mweupe, umechongoka mbele, una mstari wa manjano. Ubao kweli.

Kolini alianza, akasimama juu yake kidogo, akaanguka. Halafu Isaiah. Huyu alikulia ziwani, maji hayamtishi. Alilala kifudifudi, akapiga mikono, akaingia kwenye lile wimbi, akainuka. Akasimama. Mto wote unapita chini yake unakimbia na yeye amesimama, magoti yameinama, mikono wazi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mwati nikiwa tayari kumtukana. Sikuweza. Nililia pale pale, nimeuma leso watu wasinisikie.

Alipotoka majini ndipo nikamtukana. Nilimwambia anatafuta kifo. Akaniambia, bila kubisha hodi, bila kuinamisha kichwa: "Dada, hapo juu hakuna anayeniuliza nimelala wapi."

Nimewataka waonyeshe watu huo ubao yaishe. Isaiah amekataa kata kata. Anasema umati ukikusanyika kumtazama, bila kibali, ni mkutano, na yeye ndiye mwenye mkutano.

Jumatatu, 18 Julai

Kituyi wa vijana wa chama alikuja kukagua kadi. Zote zipo, hata ya Mama Benta. Alikunywa chai vikombe vitatu bila kulipa, akazunguka landrova, akanusa turubai. Amenusa, haki ya Mungu. Akasema haisikiki harufu, labda wametia dawa.

Ijumaa, 22 Julai

Jacktone amechelewa kurudi. Anasema kulikuwa na mashine imeharibika. Hakula.

Mama Nduta ameuliza dirisha la Isaiah linafungukia upande gani, ati anataka kupanda sukumawiki nyuma kule. Nilimwambia apande kwao.

Jumanne, 26 Julai

Kolini anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Malaria ameitoa huko huko pwani. Tumempeleka hospitali ya misheni ya Plateau kwa gari la padri. Spea imefika leo leo, na mwenye gari amelazwa. Wiki ijayo ni tarehe moja Agosti na kila askari mjini anatembea kama amekalia kiberiti.

Jumamosi, 30 Julai



Walikuja saa tatu asubuhi, gari mbili. Inspekta mwenye koti la mvua, polisi sita, na Kituyi mbele akionyesha njia kana kwamba uwanja wangu ni msitu. Inspekta aliuliza kwa upole sana marehemu ni nani. Nikasema hakuna marehemu, ni ubao wa mgeni. Akasema mgeni yuko wapi. Nikasema Plateau, hospitali. Akatabasamu, akawaambia wakate kamba.

Uwanja ulikuwa umejaa tena. Sijui watu hutoka wapi. Turubai lilipoanza kufunguka Mama Benta alipiga magoti na wanawake wakaanza kulia kwa sauti ya chini. Halafu ubao ukatokea, mweupe, na kilio kikakatika. Mtu mmoja alicheka. Inspekta hakucheka. Alifedheheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amekuja na gari mbili kukamata maiti. Akaugonga ubao kama mtu anayegonga tikiti maji, akasikia uko mtupu ndani. Akauliza ndani kuna nini, redio? Akaagiza panga.

Isaiah akatoka mlangoni. Mimi nilikuwa nimemwambia akae ndani. Akasema: "Afande, usiupasue. Ni wa mtu. Niruhusu nikuonyeshe kazi yake."

Tukaenda wote mpaka kwenye mto, askari, wanawake, watoto wa shule, Kituyi amebeba upande mmoja wa ubao. Mvua ya usiku ilikuwa imeongeza maji. Inspekta akasimama kwenye jabali. Akasema akidanganywa kuna watu watalala kwake leo. Isaiah alivua shati, akaingia, na mara ya kwanza wimbi lilimtupa. Mara ya pili akasimama.

Halafu watu wakapiga makofi. Jemutai alikuwa anaruka, vibuyu vimeanguka. Nilimwona Inspekta mwenyewe amefungua mdomo kama mtoto. Nikasema, asante Mungu, yameisha, wameona.

Inspekta akapaza sauti: "Haya, tumeona. Toka sasa. Twende stesheni uandikishe maelezo kidogo."

Maelezo kidogo. Hivyo hivyo ndivyo walivyomwambia Agosti ile, maelezo kidogo, na ikawa miezi saba. Isaiah alikuwa bado amesimama. Alinitazama, au labda nataka tu kuamini aliniangalia. Halafu akainamisha ubao upande, akaliacha wimbi, na mto ukamchukua. Alilala juu yake, akazunguka kona ya miwati, na hatukumwona tena. Polisi wawili walikimbia kando ya mto mpaka kichaka kikawashinda. Magogo yalikuwa yanapita yakibingirika, mizizi juu.

Nimeita jina lake mpaka sauti imekatika.

Jumapili, 31 Julai

Hakuna.

Jumatatu, 1 Agosti

Wamezuia watu kwenda mtoni. Leo ndiyo ile siku, hawataki mikusanyiko. Ningeenda peke yangu. Jacktone alisimama mlangoni.

Jumatano, 3 Agosti

Ubao umepatikana chini huko, njia ya Turbo, umenaswa kwenye miti. Vipande viwili. Wanasema mwili umekwenda na maji mpaka mto Nzoia, na Nzoia itaupeleka ziwani. Mama ameletewa habari nyumbani. Mimi nimelala sakafuni.

Ijumaa, 5 Agosti

Nilianza kumlaani Mama Nduta mezani, nikasema damu ya ndugu yangu iko mikononi mwa yule mwanamke, ndiye aliyekuwa anapeleka maneno tangu siku ya kwanza. Jacktone akaweka kijiko chini. Akasema, si yeye.

Akasema ni yeye mwenyewe. Kazini walimwita ofisini, wakamwuliza ni kweli anafuga askari waasi na maiti zao. Akaogopa. Akaenda kwa chifu kwa miguu yake, ile Ijumaa aliyochelewa, akaomba waje waangalie huo mzigo wamalize, wamwone shemeji hana hatia. "Nilitaka jina langu lisiandikwe pamoja na lake," akasema. Alikuwa analia. Miaka kumi na minne nimemwoshea huyu mtu shati, na nilikuwa nawachunguza majirani.

Nimehamia chumba cha tatu, maana Kolini bado amelazwa.

Jumanne, 9 Agosti

Kolini ametoka hospitali, amebaki macho na pua. Amepewa siku chache aondoke nchini. Alipoambiwa habari alikaa chini pale uwanjani kwenye tope, akalia mpaka kamasi kidevuni, anasema ni yeye, ni yeye. Jasusi halii hivyo. Alikuwa tu kijana mwenye ubao. Nimempa chai na nimemshika kichwa.

Mama Nduta hajaja kunipa pole. Majirani wote wamekuja, yeye anatuma viazi.

Jumapili, 14 Agosti

Daftari hili tangu leo linalala chini ya gunia la pumba. Jacktone hajawahi kulisha kuku.

Mama Nduta aliniita stoo kwake, njoo uchague viazi vya mbegu. Akafunga mlango. Jina lake ni Mwihaki, leo ndiyo mara ya kwanza ameniambia nimwite hivyo. Akaniambia nikae juu ya gunia. Halafu akasema: "Yuko hai. Sasa uma kitambaa."

Nimeuma.

Kaka yake ana shamba linaloteremka mpaka mtoni, chini huko njia ya Turbo. Jioni ile walimkuta kwenye mahindi, mkono umeteguka, anatetemeka. Ubao aliuvunja mwenyewe kwa jiwe akaurudisha majini. Wakamwambia Mwihaki, na mume wake, Gerishon, akampakia kwenye lori la viazi linalokwenda Mombasa kila wiki, chini ya magunia. Sasa hivi yuko kwenye kile kijiji cha mawimbi, jikoni, ana jina lingine. Sitaandika jina hilo, wala lake la zamani.

Nilimwuliza kwa nini ameniacha wiki mbili nikigaragara. Akanijibu bila kuona aibu: "Ungejua, ungelia vibaya. Walikuwa wanakutazama wewe."

Na maswali yale yote, analala wapi, dirisha liko upande gani? Akasema wakati wa Dharura ya wakoloni, yeye msichana mdogo, walikuja usiku kumchukua kaka yake mkubwa. Jirani mmoja alikuwa amewaona wanakuja mapema, akakimbia kuwaonya, lakini hakujua abishe dirisha gani. Kwa hiyo Mwihaki huuliza. Kila mahali alipohamia huuliza. Nimemchukia mwanamke huyu kwa sababu hiyo hiyo. Nimemshika miguu na yeye akanivuta juu, akaanza kunipimia viazi kwa sauti, maana kuna mteja alikuwa anaita dukani.

Jumatatu, 15 Agosti

Mjumbe amekuja kutoka nyumbani. Wazee wamengoja vya kutosha, mwili hautapatikana. Jumamosi watazika yago.

Mwihaki hakulijua hili, na mimi kwa furaha nilikuwa nimelisahau. Mtu wetu akipotelea majini tunakata tunda la mti wa yago, lile zito, refu kama mkono wa mtu, tunaliweka kwenye jeneza, tunalizika kwa jina lake. Hilo likishafanyika mambo yamefungwa. Ami ya baba alizikiwa yago wakati wa vita vya Wazungu, akatokea miaka sita baadaye, mzima, na buti zake miguuni. Hawakumfungulia lango. Babu mwenyewe aliongea naye kupitia uzio, akamwomba aondoke, asiwaletee kifo watoto. Alifia kwenye mashamba ya miwa ya Wahindi, hakuna aliyejua siku gani.

Kwa hiyo nikikaa kimya, ndugu yangu hatakanyaga nyumbani kwetu tena maisha yake yote. Hatamwona mama. Nikisema, mama atafurahi, na mama hajawahi kuficha furaha hata siku moja, akifurahi mpaka ng'ambo ya kilima wanasikia.

Ijumaa, 19 Agosti

Nasafiri leo na Jacktone. Hatuongei. Kituyi ameniambia ameagizwa awakilishe mji kwenye mazishi. Kuna wengine wawili wenye makoti ambao hawakusema wanawakilisha nini.

Jumatatu, 22 Agosti

Nimerudi Eldoret jana jioni.

Watu walikuwa wengi. Tunda lilikuwa limefungwa shuka jeupe, limelazwa kwenye jeneza la kimo cha mtu, na picha yake ya shule juu. Wale wawili wenye makoti walisimama karibu na kaburi kabisa. Mmoja aliomba jeneza lifunguliwe aone, wazee wakafungua, akatazama tunda, akatikisa kichwa, akaandika. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Njia nzima nilikuwa najiandaa, nakumbuka marehemu baba, nakumbuka mtoto wangu niliyempoteza. Haikuja. Kila nilipoangalia shuka lile nilimwona mtu jikoni, mkono umefungwa kitambaa, anakata vitunguu. Mwili haukukubali kudanganya. Nilisimama pale macho makavu kama jiwe, na wanawake wakaanza kunitazama.

Mama aliacha kulia. Alitoka alipokuwa ameshikiliwa, akaja mpaka kwangu, akanishika mashavu yote mawili kwa mikono yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu: "Wewe mtoto ulikuwa unalia hata kuku akichinjwa. Leo ni nini?"

Nilifungua mdomo. Sikujua ningesema nini, mpaka leo sijui. Nadhani ningesema. Angekuwa tu ameuliza tena, ningesema, na jeneza lingesimama pale pale juu ya shimo.

Niliona uso wake ukibadilika. Ukalegea kwanza, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo kichwani, halafu ukakaza. Akaangalia makoti yale mawili, akanirudia mimi. Kiganja chake akakiweka juu ya mdomo wangu.

"Basi usiniambie," akasema.

Akageuka. Wazee walikuwa wanangoja padri amalize, lakini hakumngoja. Alipiga magoti kwenye ukingo wa shimo, akachota udongo kwa mikono miwili, akamwita mwanawe kwa jina lake kamili ili wote wasikie, akamtupia udongo wa kwanza yeye mwenyewe.